Acheni Yaya Yangu Afanye Mtihani

Yaya yangu anakaa Iowa, Marekani, na amebakiza krediti 3. Anazo 117. Shahada ya kwanza ya usimamizi wa biashara katika chuo chake ni krediti 120, kama ilivyo kawaida kule, na hizo 3 ni za kozi moja tu, ile ya mwisho, ambayo chuo kinataka aikalie muhula mzima. (Najua ng'ambo ya Ziwa Tanganyika yaya ni mlezi wa watoto. Hapa kwetu ni dada mkubwa, na huyu ni binti wa baba mkubwa.)

Swali lake lilinifikia kwa ujumbe wa sauti, saa yeye anatoka kazini usiku na mimi naamka: masomo mengi ya biashara nimeyapita kwa mtihani bila kukaa darasani, mbona hili moja wananikatalia? Nilimjibu ovyo, kwamba kila chuo kina sheria zake. Jibu hilo halikunitosha hata mimi mwenyewe.

Msiniambie hayo ni mambo ya Wamarekani na ya watu wa biashara, yasituhusu sisi wa isimu. Tangu mageuzi ya LMD yaenezwe nchini mwaka wa masomo 2021-2022, na sisi tunahesabu krediti, 60 kwa mwaka, 180 kwa lisansi. Tumelipokea neno. Sijasikia tukijadili krediti ni kipimo cha nini: cha saa ambazo mtu amekaa kwenye benchi, au cha kile anachokijua?

Nieleze kwanza inakuwaje mtu apate krediti bila kuingia darasani. Kule Marekani ipo mitihani ya taifa zima iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Inayojulikana zaidi ni CLEP ya shirika la College Board, iliyoanza miaka ya 1960. Mtu hujiandikisha, hulipa karibu dola 100, hukaa mbele ya kompyuta kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na kwa mitihani mingi huona alama yake kabla hajainuka. Kipimo kinaanzia 20 hadi 80. Baraza la Elimu la Marekani, American Council on Education, hushauri krediti zitolewe kuanzia alama 50, lakini huo ni ushauri, na kila chuo hukata shauri chenyewe. Ipo pia DSST, ambayo asili yake ni kuwasaidia wanajeshi. Tena mwanzoni mwa miaka ya 1970 vilianzishwa vyuo karibu kwa kusudi hilohilo, kama kile cha Thomas Edison huko New Jersey na kile kinachoitwa leo Excelsior huko New York, ambako mtu mzima mwenye kazi na watoto hukusanya krediti zake kutoka huku na huku mpaka shahada itimie.

Yaya hayuko katika vyuo hivyo, lakini chuo chake kinaipokea mitihani hiyo. Amepita ya uongozi wa kampuni, ya masoko, ya uhasibu na ya sheria za biashara. Amepita ya Kifaransa bila jasho, kwa sababu ameketi miaka 12 kwenye shule zetu. Ikaja zamu ya Kiswahili.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo yaya alipobadilisha mawazo yangu bila yeye kujua. CLEP haina mtihani wa Kiswahili. Kwa lugha za kigeni ina Kifaransa, Kijerumani na Kihispania tu. Anayetaka krediti za Kiswahili huweza kupitia mahojiano ya mdomo ya ACTFL, jumuiya ya walimu wa lugha wa kule. Hakuna karatasi wala vyumba vinne vya A, B, C na D. Mtahini hukupigia simu, mnazungumza kati ya robo saa na nusu saa, na mazungumzo yanarekodiwa.

Yaya alinisimulia. Yule mtu alianza na mambo ya nyumbani: unakaa na nani, watoto wako wapi saa hizi. Akajibu kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, batoto beko banalala, na mtahini hakumsahihisha, akasonga mbele. Akamtaka asimulie safari moja ya Kasumbalesa kuanzia alfajiri. Kisha aeleze kwa nini bei ya unga hupanda ghafla mjini. Kisha atetee maoni yake: Zambia ikizuia mahindi yake yasitoke, nani ana haki, yule anayelinda chakula cha wananchi wake au yule anayenunua kwa fedha yake? Mwishoni akamuuliza: kama mama yako asingalikuwa mfanyabiashara, maisha yako yangalikuwaje? Hapo yaya akajikwaa. Hiyo -ngali- si mgeni wa kila siku midomoni mwetu. Mtahini akashuka ngazi moja, akapanda tena, akaona kweli pale ndipo kimo chake kinapokoma, akamuaga kwa heshima.

(Kiswahili kipi kinapimwa, na anayesema beko anapoteza nini mbele ya anayesema wako, ni makala nyingine. Nina hasira za kutosha kuiandika.)

Angalieni ufundi wa mtihani ule. Mtahini hakuja kuhesabu mangapi yaya anayakumbuka. Alikuja kumsukuma mpaka afike mahali asipoweza tena, ili ajue anaweza mpaka wapi. Huwezi kukariri majibu ya mtihani wa namna hiyo, kwa sababu swali la pili linazaliwa na jibu lako la kwanza.

Sasa turudi kwenye kozi ile. Kwa Kiingereza imepewa jina la jiwe la mwisho linalowekwa juu ya ukuta. Mimi nitaiita kozi ya hitimisho. Katika shule za biashara kwa kawaida ni kozi ya mkakati. Mwanafunzi amekwisha kujifunza uhasibu peke yake, masoko peke yake, fedha peke yake, na sasa anatakiwa aviunganishe vyote kwenye uamuzi mmoja. Mara nyingi hupewa habari za kampuni ya kweli azichambue, au huwekwa kwenye kikundi kinachoendesha kampuni ya kuigiza kwenye kompyuta. Mchezo mmoja unaotumiwa sana, wa kampuni ya Capsim, huwapa wanafunzi kiwanda kinachotengeneza vihisio vya elektroniki. Wanapanga bei, wanaajiri, wanakopa, halafu kompyuta inaupitisha mwaka mzima na kuwaonyesha kama wamepata faida au wamezama.

Si kozi mbaya. Ningependa niifanye. Lakini nikimtazama yaya nashindwa kujizuia. Kuanzia miaka 15 hadi alipopata viza ya bahati nasibu, alikuwa na mama mkubwa pale soko la Kenya. Kilo za unga, kisha vitenge unga ulipokatika, kisha vyote viwili. Alijua dola imeamka kwa kiasi gani na italala kwa kiasi gani, na kwa hiyo auze kwa franka leo au asubiri. Alijua mteja yupi akopeshwe na yupi asikopeshwe hata akilia. Mpaka ulipofungwa kwa malori ya unga, ni yeye, si mama, aliyesema fedha iliyobaki isikae, inunue kitenge. Akiambiwa leo aunganishe bei, fedha, wateja na hatari kwenye uamuzi mmoja, ataanza kuunganisha lini, wakati hajawahi kuvitenganisha?

Basi nisieleweke vibaya. Sisemi apewe krediti kwa sababu ameteseka sokoni. Yeye mwenyewe anakiri kwamba mizania ya kampuni kubwa aliijua juzi tu, na hajawahi kuongoza watu zaidi ya watatu. Pengine angeshindwa. Anachoomba ni kupimwa, na kwenye mtihani mtu huweza kuanguka. Aliyekaa wiki 15 darasani na kutia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio ni vigumu kidogo kuanguka.

Chuo kinampa sababu tatu. Ya kwanza, kwamba mtihani hauwezi kupima uunganishaji, unapima vipande. Kama mtihani ni ule wa kuchagua herufi moja kati ya nne, nakubali kabisa, na mwenzangu mmoja tuliyebishana naye kwenye ngazi za kitivo alikuwa na haki aliponiambia kwamba ukiufungulia mlango mtihani wa namna hiyo, utawapata waliokariri tu. Lakini hapo chuo kinajikwaa chenyewe. Vyuo vingi vya kule, ndani ya kozi hiyohiyo ya hitimisho, huwafanyisha wanafunzi mtihani wa jumla wa biashara wa shirika la ETS: maswali 120 ya kuchagua, saa mbili. Hutumiwa kuthibitisha kwamba shule ya biashara imefundisha vema. Yaani herufi nne zinatosha kuipima shule, hazitoshi kumpima yaya.

Ya pili ni kazi ya kikundi. Hii ina uzito zaidi, na sina jibu safi. Kikundi hujifunzwa kwa kukaa kwenye kikundi. Ila ninyi nyote mmewahi kufanya kazi ya watu watano iliyoandikwa na mtu mmoja usiku wa kuamkia siku ya kuikabidhi, na nyote watano mkapata 14 juu ya 20. Tusiitetee sana.

Ya tatu haisemwi kwa sauti: chuo kinataka angalau sehemu fulani ya shahada iwe imefundishwa nyumbani mwake, na ilipwe nyumbani mwake. Ada ya kozi moja ni mara nyingi ya ada ya mtihani. Silaumu sana, walimu lazima wale. Ila isemwe hivyo, isivishwe koti la ubora.

Na historia inanisaidia. Mwaka 1905 tajiri Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 zilipe pensheni za maprofesa. Taasisi iliyopewa fedha hizo ilihitaji kujua chuo kipi ni chuo kweli na kipi ni shule ya sekondari iliyojipa jina kubwa. Ikatazama vyuo vinawapokea wanafunzi wa namna gani, na masomo ya sekondari yakahesabiwa kwa vizio vya saa: saa 120 za somo moja kwa mwaka, kizio kimoja. Miaka mitano baadaye, mwaka 1910, mhandisi Morris Cooke, mfuasi wa Frederick Taylor yule wa kupima kazi za kiwandani kwa saa, aliiandikia taasisi hiyo ripoti iliyotaka ufundishaji wa chuo kikuu uhesabiwe kwa saa za mwanafunzi, kama kiwanda kinavyohesabu. Kwa hiyo saa ile ya darasa, ambayo leo tunaitetea kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni, ilipata nguvu zake kwenye malipo ya uzeeni na kwenye kiwanda. Swali la mwanafunzi ameelewa nini halikuwa mezani siku ile.

Pendekezo langu ni kwamba kozi ya hitimisho ipatikane kwa mtihani, lakini mtihani uwe wa jamii ya ule wa simu. Siku tatu kabla, mtahiniwa apewe hesabu za kampuni ya kweli za miaka mitatu pamoja na habari za washindani wake. Siku yenyewe akae mbele ya walimu wawili kwa saa nzima. Aseme kampuni ifanye nini. Wamsukume: na benki ikikataa? Na mshindani akishusha bei? Ungalifanyaje kama mpaka ungalifungwa mwaka wa kwanza? Wapande ngazi mpaka waone anapokomea. Anayejua ataonekana, na aliyekariri ataonekana mapema zaidi. Ukiniambia walimu hawana saa hiyo, nitakuuliza wanazo wapi wiki 15.

Si jambo la ajabu. Ufaransa, ambayo tunainakili hata pale isipofaa, ina sheria ya mwaka 2002 inayomruhusu mtu mwenye uzoefu wa kazi kuandika faili la yale aliyoyafanya, kusimama mbele ya jopo, na kupata diploma, hata nzima, kama jopo limeridhika. Na hapa hapa Kongo tunao otodidakti, wale wanaofanya Mtihani wa Taifa bila kukaa darasa la mwisho la sekondari. Anayefaulu tunampokea chuoni. Hatumuulizi alikaa benchi gani. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akishaingia kwetu, mlango ule unafungwa nyuma yake.

Nina mfano kwenye darasa letu. Mwenzetu mmoja, baba wa watoto wanne, amewafundisha watoto wa mwaka wa kwanza wa msingi kusoma na kuandika kwa Kiswahili kwa miaka 11. Sote tunamwita Mwalimu, hata asistanti mmoja anamwita Mwalimu, halafu anampa kazi ya nyumbani kuhusu namna ya kumfundisha mtoto silabi. Mwaka huu anatakiwa afanye staji ya kufundisha. Ataacha darasa lake la watoto zaidi ya 50 akakae nyuma ya darasa la mtu mwingine, pengine aliyemaliza masomo mwaka jana, aandike daftari la kutazama. Nilimuuliza kama haoni uchungu. Akanijibu, "Mdogo wangu, uchungu niliuacha mwaka wa kwanza. Ninachoona ni nauli."

Kwa nini kitivo kisimuite, kikamwekea mbele yake ukurasa wa daftari la mtoto lenye makosa, kikamuuliza mtoto huyu amefikiri nini alipoandika hivi, na kesho utaanzia wapi? Saa moja ingetosha kujua kama ile miaka 11 ni miaka 11, au ni mwaka mmoja uliorudiwa mara 11. Inawezekana. Nimewaona walimu wa namna zote mbili, na Mwalimu pia amewaona.

Wapo watakaosema sisi tunao tayari mtihani wa kusukumwa: utetezi wa memuari. Ndiyo, kwa jina. Nimehudhuria tetezi saba mwaka uliopita. Suti zilikuwa safi, mashangazi walikuja na maua, vinywaji vilikuwa vinapoa kwenye chumba cha pili, na wasomaji wengi walitumia dakika zao kuhesabu koma kwenye orodha ya vitabu. Mara mbili tu kati ya saba nilisikia swali lililozaliwa na jibu. Katika moja ya hizo mbili, mwenzetu aliulizwa kwa nini amechagua mifano yake yote kutoka kwa wasemaji wa mtaa mmoja, akanyamaza, akafikiri, akasema, "Kwa sababu ndiko ninakokaa, na sasa naona ni kasoro." Alipata daraja ya juu, na aliistahili. Kila mtu mjini anajua memuari inaweza kununuliwa karibu na chuo kama mkate. Jibu lile lisingenunuliwa popote.

Kwa hiyo nikitaka mtihani uchukue nafasi ya kozi, sitaki kazi ipungue kwa mwalimu wala kwa mwanafunzi. Mtihani huo ni mgumu kuutunga, unachosha kuuendesha, na unamtaka mtahini anayejua zaidi ya silabusi yake. Nashuku hiyo ndiyo sababu ya nne, ile ambayo yaya hakuambiwa.

Yeye amejiandikisha kwenye kozi. Inaanza Januari, jioni mbili kwa juma, na amebadilishana zamu na Mghana mmoja ili awahi. Kwenye kikundi chake wako vijana watatu wa miaka 21, na wamempa kazi ya kuangalia fedha.

Kwa upande wetu, naomba jambo hili liwekwe kwenye ajenda ya baraza la kitivo kabla ya staji kuanza: mwanafunzi mwenye miaka mitano au zaidi ya kufundisha aruhusiwe kuomba mtihani wa mdomo badala ya staji, mbele ya walimu wawili, mlango ukiwa wazi kwa yeyote anayetaka kusikiliza. Mwalimu amenipa ruhusa niandike kwamba yuko tayari kuwa wa kwanza, siku yoyote, mradi iwe baada ya saa sita na nusu, watoto wake wakishatoka darasani.